Upanga Uliosomeka

Katika ukoo wetu wanaume hawajisumbui kufikiri. Upo upanga unaowafanyia kazi hiyo. Ukimuuliza Baba Mkubwa kwa nini kiti chenye mto ni chake peke yake, atakwambia imeandikwa kwenye upanga. Kwa nini shangazi hakuitwa kwenye kikao, imeandikwa kwenye upanga. Nilipokuwa mdogo niliamini upanga wenyewe una urefu wa kutoka kwetu mpaka sokoni, maana maneno yote hayo yangekaa wapi?

Kumbe ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mkono wangu, mpini umeviringishwa ngozi iliyokauka, na ubavuni una mstari mmoja wa mikwaruzo. Kuna ndoano, kuna duara lenye mkia, kuna kitu kama mguu wa kuku, halafu ndoano tena. Kwa mbali utasema ni maandishi. Ukisogea karibu unaanza kuwa na wasiwasi. Hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuyasoma, na hilo halikumzuia mtu yeyote kuyanukuu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba, mlango ukiwa wazi kwa barabara, na nyuma naishi na mama. Baba alipougua ni mimi niliyemgeuza kitandani. Bati lilipovuja ni mimi niliyemwita fundi na kusimama chini ya ngazi nikimwelekeza. Sisemi haya ili nisifiwe. Nasema ili ujue nilivyojisikia siku mdogo wangu wa kiume alipoingia na mtu mwenye utepe wa kupimia, wakaanza kupima sebule huku mama amekaa humo humo. Mama aliinua miguu ili utepe upite.

Huyu mdogo wangu tunamwita Meneja. Aliwahi kuwa meneja wa kitu fulani, kitu kikafungwa, cheo kikabaki.

"Dada, nyumba tunaiuza," alisema, kana kwamba ananiambia mvua imeanza. "Mama atakuja kwangu, kuna kile chumba cha nyuma."

Chumba hicho nakijua. Kimejaa matairi.

"Na mimi?"

"Wewe una ufundi wako bwana. Fundi hakosi pa kuweka cherehani."

Nikaenda moja kwa moja kwa Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba na mkuu wa ukoo. Nilimkuta kwenye kiti chenye mto, katika sebule ya binti yake mkubwa. Ndiyo, umesikia vizuri. Baba Mkubwa ana watoto wawili wa kiume wenye nyumba zao, lakini anakaa kwa binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye sisi sote tunamwita Mwalimu. Ndiye anayempeleka kliniki ya presha, ndiye anayemkatia kucha. Upanga wenyewe unaning'inia kwenye ukuta wa Mwalimu na kitambaa cha kuufuta vumbi ni cha Mwalimu.

"Mwanamke hubishana na mimi," Baba Mkubwa alisema baada ya kunisikiliza nusu nusu, "lakini upanga habishani nao mtu. Nyumba haibaki kwa binti. Upanga uko wazi."

"Wazi wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Hapo Mwalimu alinivuta jikoni. "Dada, hayo ni mambo ya wazee," alininong'oneza huku akimtilia baba yake chai. "Wapishe tu. Kwani kuna mtu anayeyachukulia kwa uzito?"

Nilimwambia yupo, amekuja kwangu na utepe.

Kwa kuwa nilikataa kuondoka, Baba Mkubwa alikubali upanga upelekwe ukasomwe na mtu wa makumbusho. Alikubali kwa raha kabisa. "Nenda ukaaibike," aliniambia. Hakuwa na chembe ya shaka, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo.

Tulikwenda watatu, mimi, yeye na Meneja. Mtaalamu wa makumbusho alikuwa mama mmoja mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Ofisi yake ilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe na taa yenye kioo cha kukuzia. Alivaa glavu, akaulaza upanga, akauinamia. Alikaa hivyo mpaka Meneja akaanza kucheza na simu.

"Kuna mtu anayechonga chonga hapa?" aliuliza.

Baba Mkubwa alivimba kwa fahari. Alieleza kwamba kila mkuu wa ukoo, siku anapokalia kiti, hushika patasi na kupita juu ya maandishi yale yasije yakafutika. Baba yake alifanya hivyo, babu yake alifanya hivyo, na yeye mwenyewe amefanya. "Tena huu mkia hapa ulikuwa umepinda," alisema. "Nikaunyoosha."

Yule mama aliutazama mkia, akamtazama Baba Mkubwa, akavuta pumzi.

"Mzee wangu, panga za namna hii naletewa nyingi," alisema. "Mara nyingine mfua chuma aliona maandishi kwenye upanga wa mtu, akapenda yalivyokaa, akaiga ili na wake upate heshima, naye hajui kusoma. Mara nyingine kulikuwa na neno la kweli. Huu wenu siwezi kujua ulikuwa upi, kwa sababu kila aliyeushika amenyoosha na kuongeza vya kwake. Hapa sasa hakuna herufi ya maandishi yoyote ninayoyafahamu."

"Kwa hiyo hausemi nyumba ni ya nani," nilisema.

"Hausemi lolote."

"Umesema hujui," Baba Mkubwa alidakia.

"Nimesema hausemi, mzee."

"Umesema huwezi kujua. Nimekusikia kwa masikio yangu." Akanigeukia kama mtu aliyeshinda kesi. "Unaona? Mtaalamu mzima, na miwani miwili, hajui."

Mimi nilitoka pale nimejaa furaha. Nilimnunulia mama matunda njiani, nikamwambia nyumba imepona. Mama alikula embe lake taratibu akaniuliza kama wanaume wamekubali. Nikamwambia wakubali wasikubali, upanga hauna neno. Mama akasema, "Haya," kwa ile sauti yake ya kumwachia mtu aone mwenyewe.

Kikao kilifanyika sebuleni kwetu. Walikuja Baba Mkubwa, wanawe wawili na Meneja. Mwalimu alikuwa shuleni, wala hakuna aliyekumbuka kumwita. Nikayarudia maneno ya yule mama wa makumbusho, neno kwa neno, nikasubiri waone aibu. Halafu Baba Mkubwa akakohoa.

"Tatizo limejulikana," alisema. "Maandishi yamechoka. Na kazi ya mkuu wa ukoo ni kuyafufua. Sasa hatutapitia juu juu kama zamani. Yataandikwa upya, upande wa pili, kwa herufi ambazo hata watu wa makumbusho wanaweza kuzisoma."

"Yataandikwa nini?" niliuliza.

"Yale yale yaliyokuwepo."

Wanaume wote walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nilicheka peke yangu, na cheko lenyewe halikuwa na furaha. Nilikuwa nimewaonyesha kwamba ukurasa ni mtupu, nao wakashukuru kwamba kuna nafasi ya kuandika.

Fundi waliyempata anaitwa Fundi Vikombe, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuchonga majina kwenye vikombe vya washindi wa mpira. Huchonga pia vibao vya milango ya ofisi na mihuri. Duka lake ni jembamba, mashine iko mezani karibu na dirisha, na unga wa chuma umetanda kila mahali. Niliwafuata. Sikuwa na hamu ya kuona, lakini sikuwaamini pia. Nikakaa kwenye benchi la wateja na mkoba wangu magotini.

Fundi Vikombe alifunga upanga kwenye mashine, akavaa miwani ya kazi, akauliza swali la kawaida ambalo humuuliza kila mteja. "Niandike nini?"

Hapo ndipo ukoo ulipopata kigugumizi.

Baba Mkubwa alitaka lianze jina lake. Mwanawe wa kwanza akasema lianze la babu, maana babu ndiye aliyekuwa na upanga. Mwanawe wa pili akasema babu alikuwa na wake wawili, sasa wakitaja babu wataje na upande wa bibi yao ili watu wasichanganye. Baba Mkubwa akasema upande wa mama hauandikwi kwenye upanga. "Imeandikwa wapi?" mwanawe akamuuliza, na kwa mara ya kwanza maishani nikampenda binamu yangu yule. Wakabishana kama neno sahihi ni ukoo au familia. Wakabishana kama kuwe na nyota mwanzoni. Meneja alipendekeza namba ya simu, iwapo upanga utapotea. Fundi Vikombe alizima mashine kuokoa umeme, akatoa sambusa yake akala, akapangusa mikono, wao bado wako kwenye nyota.

"Wazee wangu," alisema mwishoni, "kuna neno lolote mnalokubaliana nyote? Nichonge hilo, mengine mtakuja kuongeza."

Wakatazamana.

"Binti hana fungu katika nyumba," alisema mdogo wangu.

"Hilo," Baba Mkubwa akasema.

"Hilo halina ubishi," wakasema wanawe, wote wawili kwa pamoja.

Mdogo wangu huyu nilimshika mkono siku ya kwanza ya shule. Kaptura yake ya kwanza niliishona mimi kwa mkono, kabla sijawa hata na cherehani, na alipoichana hakuthubutu kumwonyesha mama, aliniletea mimi. Iliniuma. Sitajifanya haikuniuma. Nilikaa pale nikauangalia unga wa chuma ukimwagika, na Fundi Vikombe, ambaye hana kosa lolote, alichonga vizuri sana, kwa herufi kubwa zilizonyooka, kisha akazipulizia na kuzipangusa kwa kitambaa. BINTI HANA FUNGU KATIKA NYUMBA. Ungeweza kulisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Baba Mkubwa aliubeba upanga kifuani mpaka nyumbani. Nyumbani kwa nani, unajua. Akautundika mahali pake pa siku zote, upande mpya ukitazama sebule, akakaa kwenye kiti chenye mto kusubiri chai yake ya jioni.

Yaliyofuata alinisimulia Mwalimu mwenyewe. Alirudi shuleni na mzigo wa madaftari, akaweka birika motoni, akachukua kitambaa chake kufuta vumbi kama kila siku. Mkono ukasimama hewani. Mwalimu ni mtu wa kusahihisha, macho yake hayapiti maneno bila kuyasoma. Alilisoma mara moja kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti.

"Baba, hili limeandikwa lini?"

"La zamani hilo. Limefufuliwa tu."

"Na huyu binti ni nani?"

"Ni maneno ya jumla. Yanamhusu yule fundi cherehani."

"Jina lake silioni hapa. Limeandikwa binti." Akatazama sebule, makochi, pazia, feni, kiti chenye mto. "Nyumba hii ni yangu, baba. Nimeilipia miaka yote ya kazi yangu. Na mimi ni binti. Sasa wewe umekaa katika fungu la nani?"

Baba Mkubwa, kwa mujibu wa Mwalimu, alijibu kwamba chai inachemka.

Mwalimu alizima jiko. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyomtisha mzee. Alifungasha nguo za mzee kwenye begi, akazikunja vizuri, akaweka dawa za presha juu ili zisipondeke. Akaweka upanga juu ya begi. Akamwambia kwamba ana watoto wawili wenye mafungu, na yeye atampeleka.

Kwa mtoto wa kwanza waliambiwa nyumba ni finyu. Kwa wa pili waliambiwa mke amesafiri, ingawa mke mwenyewe ndiye aliyetoka kuwaambia. Simu ya Meneja ilikuwa imezimwa. Gari la Mwalimu likaishia mbele ya mlango wangu wa kazi, giza halijaingia, wateja bado wapo. Nilitaka kusema maneno makali, na ninayo ya kutosha. Mama alinitangulia.

"Aingie," alisema. "Huyo hajala."

Basi Baba Mkubwa akawa mgeni katika nyumba aliyoihukumu. Akalala chumba cha marehemu ndugu yake, akamiminiwa chai na mwanamke ambaye hukumu ile ingempeleka kwenye matairi. Chai aliinywa. Aibu sikuiona mara moja, kwa hiyo niliamua kuisaidia ije.

Nilichukua misumari miwili nikautundika upanga kwenye chumba changu cha kazi, juu ya cherehani, ukitazama mlango.

"Upanga wa ukoo haukai dukani," Baba Mkubwa alisema kutoka barazani.

"Baba Mkubwa, si ulisema usomwe na watu wote? Hapa ndipo wanapopita."

Ulikuwa msimu wa kufungua shule. Kila mama mwenye mtoto alipita kwangu kupimisha sketi na kaptura, na anayepimwa hana kazi nyingine zaidi ya kusimama na kutazama ukuta. Wasichana wadogo walilisoma silabi kwa silabi, kwa sauti ile ya darasani. Mama zao walilisoma wakauliza, "Nani ameandika hii?" Mimi nina pini mdomoni, siwezi kusema. Nilielekeza tu kwa mkasi, barazani, ambako mzee mmoja alikuwa amekaa akijifanya anasoma gazeti.

Wengine walitoka wakamwamkia kwa adabu, wakabaki wamesimama wanamwangalia. Mmoja alimuuliza kama ana mabinti. Wakwe zake, wake wa wanawe, walikuja pamoja siku moja bila mtoto wa kupimwa, wakasoma, wakaondoka bila kununua hata kifungo, na nasikia usiku huo binamu zangu walijipakulia wenyewe. Hata mnunuzi wa nyumba alirudi na utepe wake akiwa na binti yake mdogo. Mtoto akasoma. Mnunuzi akakunja utepe akasema atatupigia, na hajapiga.

Baba Mkubwa alihama baraza, akahamia uani, akakaa juu ya mabanzi ya kuni. Uani nako mama alikuwa akianika nguo, hana haraka, akimsimulia kwa upole jinsi marehemu alivyokuwa akimsifia binti yake. Siku moja mzee alikuja akasimama mlangoni pangu, kofia mkononi.

"Ushushe, mwanangu," alisema.

Miaka yote hiyo nilikuwa mtoto wa ndugu yake. Leo nimekuwa mwanawe.

"Nitaushusha hati ya nyumba ikitoka na jina la mama na langu," nilisema. "Mkuu wa ukoo asaini, Meneja asaini, mbele ya wakili."

"Meneja hatakubali."

"Basi kaa hapa, nikushonee shati."

Alikwenda kwa Meneja mwenyewe, kwa miguu. Mdogo wangu alijikaza sana, akataja sheria, akataja upanga. Baba Mkubwa akamwambia vizuri, kama huna moyo wa kusaini, sawa, nitakuja kukaa kwako, hicho chumba cha nyuma kitanitosha. Mke wa Meneja ndiye aliyemtafutia mumewe kalamu. Alimwambia asiposaini, atasaini yeye.

Kwa wakili Meneja hakunitazama. Alisaini haraka akasukuma karatasi. Nilitaka kumuuliza swali moja tu, lakini niliona akikuna shingo kama alivyokuwa akikuna alipochana ile kaptura, nikaacha. Hati ninayo. Mama aliishika, akaigeuza, akaniambia niiweke mbali na jiko.

Nikaushusha upanga. Wanaume waliurudisha kwa Fundi Vikombe wakamwambia afute. Akasema herufi zimeingia ndani, akisugua mpaka ziishe atatoboa, labda achonge juu yake mpaka zisisomeke. Aliuliza achonge nini. Chochote, wakasema, bora mtu asielewe. Safari hii hawakubishana hata kidogo. Akapiga ndoano, akapiga maduara, akaongeza mikia, na alipomaliza akapaka kitu cheusi kuondoa mng'ao. Ungeuona ungeapa una miaka mia tatu. Niliushika nikauangalia upande mmoja, nikaugeuza upande wa pili, nikaanza kuwawazia babu zangu mambo mabaya.

Baba Mkubwa aliniomba nimsindikize kwa Mwalimu. Alibeba begi, upanga ameufunga kwenye shuka, na njia nzima alikuwa akizungumza kama mtu aliyetoka hospitali amepona.

"Sasa hakuna mtu anayeweza kulisoma," aliniambia tukiwa getini. "Hata yule wa miwani miwili. Mambo yamekwisha."

"Hakuna, Baba Mkubwa. Ila Mwalimu alishalisoma."

Alibonyeza kengele kana kwamba hajanisikia. Mwalimu alifungua mlango, kalamu nyekundu bado iko mkononi. Aliinama kidogo, akamwamkia baba yake kama alivyomwamkia maisha yake yote, akampokea begi. Nyuma yake nilikiona kiti chenye mto, kimesogezwa ukutani na madaftari yamepangwa juu yake.

"Karibu, baba," alisema. "Utakaa siku ngapi?"

Baba Mkubwa aliutazama upanga ndani ya shuka, kisha akanigeukia mimi.